Marufuku Kumpisha Marehemu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Kuitaja kunahitaji kibali, ofisi ya vibali imehamishwa, na ilikohamia hakujatangazwa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mvua mbili kwa mwaka, ina amani tele kwa kila anayenyamaza, na katikati ya mji wake mkuu pana kipilefti kikubwa kuliko vyote katika ukanda huu. Barabara tano zinaingia humo na kutoka. Katikati pana bustani, na katikati ya bustani pana jukwaa la zege lililojengwa kwa ajili ya sanamu. Sanamu haijaletwa mpaka leo, kwa sababu viongozi wanaostahili kuchongwa ni wengi na jukwaa ni moja.

Mimi naitwa Mfaume, na nilikuwa katibu wa Chama cha Wapenda Magari. Tulikutana kila Jumamosi katika banda la kuoshea magari linalotazamana na kipilefti hicho. Tulikunywa chai, tukafungua maboneti, tukabishana. Mwenyekiti wetu, Bi. Pongwe, muuza spea, mwanamke wa miraba minne, alikuwa na gari la turbo lililopiga mluzi kila alipobadili gia. Yeye alisema gari ni nguvu. Wengine walisema gari ni breki. Mimi, kama katibu, niliandika kwamba kila mjumbe alikuwa na hoja nzito.

Mmoja tu ndiye hakuwa na turbo. Huyo ni Mwalimu Tamimu Lukindo, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu aliyelazimika kukunja magoti ili aenee katika kigari chake cha rangi ya maziwa. Injini yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba fundi mmoja aliwahi kumuuliza kama ni ya gari au ya pampu ya maji.

"Barabara iliyonyooka hata ng'ombe anaiweza," Mwalimu alikuwa akisema huku akifuta miwani. "Gari linajulikana kwenye kona."

Siku moja Bi. Pongwe alichoka kuyasikia hayo. Akamwambia waingie wote wawili kwenye kipilefti, waone nani ni nani. Walizunguka mara tatu. Turbo ilipiga mluzi, matairi yakalia, na kila Bi. Pongwe alipotazama kioo alikiona kile kigari cha maziwa nyuma yake, kimetulia, dereva wake kakaa wima kama yuko darasani. Waliporudi bandani, mwenyekiti alishuka, akakizunguka kigari, akapiga teke tairi.

"Mwalimu, hiki unakilisha nini?"

"Hewa, mwenyekiti. Hewa ya kutosha kwenye matairi, na gia ya tatu pale ambapo wewe unang'ang'ania ya pili."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Bi. Pongwe alicheka kuliko wote, kisha Jumatatu akaenda kununua kipimo cha upepo.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, Mheshimiwa Dakta Njechele, Waziri wa Barabara, Madaraja na Mizunguko, alikuwa amechelewa kufungua kongamano la usalama barabarani. Sheria ya nchi yetu inataka kila gari likiingia kipilefti lishike kushoto, bustani ibaki mkono wa kulia. Lakini kushika kushoto kungemchelewesha Mheshimiwa sekunde kumi na nne, na taifa lisingeweza kumudu sekunde hizo. Msafara ukakata kulia.

Mwalimu Lukindo alikuwamo ndani ya kipilefti.

Sikuona tukio lenyewe. Nilikuwa nimechuchumaa bandani nafuta rimu. Nilisikia king'ora, kisha kishindo, kisha king'ora kile kile kikaendelea, kikawa kinafifia kuelekea kwenye kongamano. Bi. Pongwe, ambaye duka lake liko jirani, ndiye aliyetangulia kufika. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti juu ya vioo, ameingiza mkono dirishani, ameushika mkono wa Mwalimu, anamwambia asilale. Mwalimu alilala. Gari la wagonjwa lilifika baada ya saa nzima, kwa kuwa barabara zote tano zilikuwa zimefungwa kuusubiri msafara urudi.

Jioni redio ilitoa taarifa. Gari dogo la raia, baada ya kupoteza uwezo wake wa kukata kona, lilikuwa limeugonga msafara uliosimama kwa mujibu wa sheria. Mheshimiwa aliguswa sana. Kongamanoni aliwaomba wajumbe wasimame dakika moja kuwakumbuka wahanga wote wa uzembe wao wenyewe.

Sasa naomba msomaji anivumilie.

Siku ya tisa baada ya mazishi, mchana wa jua kali, dereva wa gari la mikate alifika kwenye mstari mweupe wa kipilefti, akatazama kulia, akasimama. Alisikia gari dogo linakuja. Akalisubiri lipite. Halikuja gari, lakini ule mlio ulipita mbele yake, ukaenda zake. Akaingia, akapeleka mikate, akasimulia, watu wakamcheka. Kesho yake walisimama madereva watano. Baada ya wiki, kila gari lililofika pale lilisimama kwanza, kwa muda ule ule ambao kigari kimoja kingehitaji kupita, ndipo likaendelea. Hakuna aliyewafundisha. Wenye malori kutoka mikoani, ambao hawakuwahi kulisikia jina la Lukindo, walisimama pia, wakakaa kimya na vioo vimeshushwa.

Bi. Pongwe, ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu, alinijia bandani uso umemsawajika.

"Mfaume, nimeisikia gia ya tatu ikiingia."

"Labda ni gari jingine, mwenyekiti."

"Katika mji huu mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiweka tatu pale. Usinifanye mtoto."

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nilisimama kwa sababu wengine walisimama, na huo ndio uraia mwema.

Foleni ikafika sokoni, ikafika hospitali, mwishowe ikafika mlangoni kwa Wizara, na hapo ndipo ikawa tatizo. Serikali haikukaa kimya. Kwanza walipelekwa askari wa trafiki, ambao walimwandikia marehemu hati za makosa kwa kuzuia njia. Hati zilipelekwa kwa mjane wake, Bi. Sikudhani, mshonaji wa nguo, naye akazipokea mlangoni na sindano mdomoni, akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Hati ya saba ilikuwa na onyo kwamba mkosaji asipofika mwenyewe, atafuatwa aliko.

Kisha likasimikwa bango jeupe kwenye kila barabara: NI MARUFUKU KUMPISHA MAREHEMU. KWA AMRI. Lilikuwa bango zuri, la herufi kubwa. Madereva walipata muda mzuri wa kulisoma wakati wakimpisha.

Wizara ikaona dawa ni sayansi. Mwezi wa sita tangu ajali, chama chetu kikapata barua. Ilisema Serikali, ikitambua kwamba wapenda magari ndio wajuzi wa uwezo wa magari, inatuomba maoni yetu ya kitaalamu kuhusu sababu zilizolifanya gari la marehemu lishindwe kukata kona. Maoni yenyewe yaliambatanishwa. Kilichotakiwa ni jaribio la hadhara la kuyathibitisha, kisha sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa katibu.

Nilidhani Bi. Pongwe ataichana barua ile. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri.

"Waambie nitaendesha mimi," alisema.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kipilefti kilifungwa. Waliweka turubai, viti vya kitambaa na bendi ya polisi. Bi. Sikudhani alifika na kanga yake nyeusi, akarudishwa kwenye kizuizi. Afisa alimweleza kwa upole kwamba ndugu wa marehemu wana kawaida ya kulia, na machozi yanaweza kuathiri mshiko wa matairi.

Wizara ilikuwa imetafuta kigari cha aina ile ile, mwaka ule ule, rangi ile ile ya maziwa. Kilipoteremshwa kwenye lori, watu waliokuwa nyuma ya kamba walirudi hatua moja. Ng'ambo ya bustani lilisimamishwa gari jeusi la msafara, lile lile la siku ya ajali, limenyooshwa bodi na kupigwa rangi upya. Ndani alikaa dereva wake, Sajini Mnyasa, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuigiza msafara uliosimama. Alikuwa amekonda mpaka kofia ikawa inamtelemkia kwenye nyusi.

Mheshimiwa alisimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Uwezo wa gari hautoki kwenye injini. Uwezo wa gari unatoka juu! Gari lenye nidhamu hukata kona pale linapoelekezwa. Gari lisilo na nidhamu linajifanya lina maoni. Leo sayansi itasema, na tayari tumeiandalia la kusema!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa vile nilikuwa nimekaa mbele.

Mkurugenzi wa Majaribio alishika kipaza sauti. "Arobaini!" akatangaza. Bi. Pongwe akaingia, akazunguka kwa mwendo wa arobaini. Kigari kikakata kona. "Hamsini!" Kikakata. "Sitini!" Matairi yakalia kama mbuzi, bodi ikalala upande, lakini kikashika njia, kikapita mbele ya turubai kama uzi unaopita kwenye sindano. Nilimwona Bi. Pongwe usoni. Alikuwa amekaa wima, na alikuwa analia.

"Gari hili halitoi ushirikiano," alisema Mheshimiwa.

Mkurugenzi akaagiza tairi la mbele litolewe upepo nusu. Likatolewa. Kigari kikaingia tena, kikiyumba, kikipiga kelele, na bado hakikutoka njiani. Mafundi wakanong'onezana. Mmoja akapendekeza walegeze skrubu za usukani, na alikuwa ameshainua bisibisi pale mlango wa lile gari jeusi ulipofunguliwa.

Sajini Mnyasa alishuka. Alivua kofia, akatembea mpaka katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya kigari kama mtu anayezuia ng'ombe. Bi. Pongwe akakanyaga breki. Kikasimama hatua mbili kutoka magotini pake.

"Inatosha, mama," alisema. "Gari halina kosa."

Hakusema kwa nguvu. Lakini Mkurugenzi alikuwa amemkimbilia ili amwondoe, na kipaza sauti alikuwa amekisahau mkononi, kimewaka. Sisi wa mbele tulisikia mpaka pumzi zake.

"Hakushindwa kona. Alikuwa anatoka. Alikuwa ameshawasha indiketa ya kushoto, anatoka kwa barabara ya Mikwajuni. Nilimwona vizuri, nilikuwa na nafasi ya kupunguza. Sauti ikatoka kiti cha nyuma, ikaniambia, usipunguze. Sikupunguza." Akajifuta uso kwa kofia. "Kila nikifumba macho naiona ile taa ya njano. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Mke wangu ananiambia nilale. Nitalalaje na taa inawaka?"

Mheshimiwa alikuwa anakagua kiatu chake cha kushoto. Kisha Mkurugenzi akakumbuka kipaza sauti, akatangaza kwamba jaribio limefanikiwa kupita matarajio, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, hivyo ikabidi wote tusimame na tusitazamane.

Sajini Mnyasa alipandishwa cheo wiki ile ile na kuhamishiwa kisiwa ambacho hakina gari hata moja, ili apumzike. Ripoti ikaandikwa: chama kimeridhika kwamba gari la marehemu lilikataa kukata kona kwa sababu za kimaumbile, na kwamba marehemu alikuwa akielekea asikokujua mwenyewe. Bi. Pongwe alipoletewa aitie sahihi, aliurudisha ule mkono ulioileta pamoja na kalamu yake. Akanitazama.

"Muhuri unao wewe, Mfaume. Mimi nimeendesha. Sasa na wewe endesha."

Akafunga duka, akaenda kwao.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Alinipa chai ya tangawizi. Aliuliza habari za watoto wangu kwa majina, wote watatu, na shule wanazosoma. Alinieleza kwamba muhuri si maoni, muhuri ni wino. Niliona ni hoja nzito. Nikagonga.

Nilirudi kwa njia ya kipilefti. Nikafika kwenye mstari mweupe, nikasimama kama kawaida ya kila mtu, vioo vimeshushwa. Ndipo nikasikia. Injini ndogo, iliyotunzwa, inakuja kutoka kulia bila haraka. Gia ya tatu ikaingia, laini. Ilipita mbele ya boneti langu, nikahisi na upepo wake, nikasubiri iishie. Haikuishia. Ilizunguka, ikarudi. Ikapita tena. Madereva wa nyuma yangu waliniovateki mmoja mmoja, wakaingia, wakatoka, kwao njia ilikuwa nyeupe. Mimi sikuweza kuingia. Niligeuza gari nikarudi kwa njia ya milimani, mwendo wa saa nzima kufika nyumbani ambako huwa ni dakika kumi, na nikapita njia hiyo wiki tatu.

Jumamosi ya wiki ya nne nilikuwa peke yangu bandani. Chama kilikuwa kimepewa hadhi ya kitaifa na hakikuwa na mjumbe mwingine hata mmoja. Bi. Sikudhani aliingia na kikapu cha vitambaa.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu."

"Sikai. Nilikuwa nakuomba unipeleke nyumbani. Miguu imenichoka, na mabasi leo hayaendi."

Kwake ni ng'ambo ya kipilefti. Nilitafuta udhuru. Nilisema gari lina joto, nilisema breki sina imani nazo. Alikuwa ameshafungua mlango, ameketi, kikapu magotini.

Tulifika kwenye mstari. Nikasimama. Mlio ukaja. Ukapita, ukarudi, ukapita.

"Unamsikia?" nilimuuliza.

"Mimi? Hapana. Sijawahi kumsikia hata siku moja. Mji mzima unamsikia, mimi mkewe simsikii." Alifungua pochi, akatoa karatasi, ilikuwa nakala ya ile ripoti, muhuri wangu chini, wa zambarau, umetokeza vizuri. "Nimeletewa hii. Shemeji, sikuja kugombana. Ninauliza kitu kimoja tu. Hapa wanasema alikuwa akielekea asikokujua mwenyewe. Siku ya jaribio mimi nilizuiwa kule nyuma, kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, watu wa kule wanapiga kelele, sikupata neno. Wewe ulikaa mbele. Yule askari alisema nini?"

Nilitazama mbele. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya indiketa, ya sauti ya kiti cha nyuma, ya kwamba dereva alimwona vizuri. Nilimwambia kwamba hakushindwa kona, alikuwa anatoka kwa barabara ya Mikwajuni.

Alishusha karatasi gotini.

"Mikwajuni?"

"Mikwajuni."

"Shule haiko Mikwajuni."

"Haiko."

"Huko ni kwetu. Hakuna kingine huko ila kwetu na kiwanda cha chumvi." Akatoa kitambaa kimoja kikapuni, akakikunja, akakikunjua. "Asubuhi ile tuligombana, shemeji. Jambo la kijinga, habari ya pazia. Nikamwambia aende akaishi na gari lake, asirudi. Alichukua funguo akatoka. Saa tano alikuwa na kidato cha pili, na yule mtu hakuwahi kukosa kipindi, hata siku aliyomzika mama yake." Akapumua. "Miezi saba naletewa karatasi. Zote zinasema alikuwa anakwenda. Kumbe alikuwa anarudi."

Nyuma yetu foleni ilikuwa inaongezeka na hapana aliyepiga honi.

"Niandikie," alisema.

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Uandike barabara. Uandike Mikwajuni."

Nilitoa karatasi ya chama kwenye droo ya gari. Nikaiweka juu ya usukani, nikaandika kwamba siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, Mwalimu Tamimu Lukindo alikuwa ameshika njia yake, mwendo wake wa kawaida, anatoka kipilefti kuelekea nyumbani kwake, na kwamba aliyemgonga alimwona. Nikafikiria watoto wangu watatu na shule zao. Nikatoa muhuri mfukoni. Bi. Sikudhani akaufunika kwa kiganja.

"Huo sitaki. Weka jina lako."

Nikaandika jina langu, la kwangu, la baba na la babu. Alilisoma polepole, neno kwa neno, mdomo wake ukichezacheza kama mtu anayehesabu mishono. Alipomaliza aliikunja karatasi ile, akaifunga kwenye pindo la kanga na kukaza fundo. Kisha akaichukua ile ripoti ya Serikali, akainyoosha vizuri gotini, akanipa.

"Hii nakurudishia, shemeji," alisema. "Ni yako."